Fundi Aliyeogopa Betri

Sijawahi kumjua mtu mwoga kama Fundi, na maisha yangu niliyaweka mikononi mwake. Nasema hivyo bila kumtania. Kabla ya kufungua mfuniko wa betri alirudi kwanza nyuma hatua mbili, akafuta jasho la viganja kwenye suruali, akasema bismillahi, kisha akasimama tena kidogo kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Midomo ilimkauka. Mara ya kwanza nilipomwona hivyo nilidhani anaumwa, nikataka kumpima presha.

Mafundi umeme wa magari Musoma hawakosekani, vijana wa mikono miepesi wanaogusanisha waya makusudi ili cheche iruke, mteja aone kwamba moto upo. Kwao Fundi alikuwa kichekesho. Walimwita Mzee Taratibu. Akipita mbele ya gereji zao, mmoja aligonga spana mbili pamoja ili wote wamwone anavyoruka. Na kweli aliruka, kofia yake ikamwendea upande, akaiweka sawa na kuwasalimia kama kawaida. Kila siku walimgongea, kila siku aliruka.

Sasa hayupo. Nimeandika haya kwa sababu sitaki akumbukwe kwa kuruka kwake tu, na kwa sababu ya kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ambalo nitalifikia.

Mimi ni nesi. Kliniki yetu ni gari. Lilikuwa nyumba ya Wazungu wawili, mume na mke, waliokuwa wakizunguka nalo nchi hadi nchi, wakachoka wakaliuza, na shirika dogo lililoniajiri likalinunua pamoja na kila kilichokuwemo: kitanda, sinki, meza ya kukunja, feni, taa na friji. Sisi tukaongeza mizani ya watoto, makabati ya dawa na friji ya pili, ya chanjo. Kila mwezi mimi na dereva wetu, Magesa, hutoka Musoma tukazunguka vijijini wiki nzima, leo Nyegina, kesho Buswahili, keshokutwa upande wa Butiama, mpaka Bunda. Magesa hulala mbele kwenye kiti cha dereva alichokilaza. Mimi hulala nyuma, kitandani. Na chini ya kitanda hicho, chini ya ubao na godoro, kuna betri nne kubwa, kila moja nzito kuliko mtoto wa miaka sita. Hizo huitwa betri za nyumba. Haziwashi injini, kazi yake ni kulisha kila kitu kilichomo ndani.

Miezi ya mwanzo nililala juu yake nikikoroma. Sikujua kitu, kwa hiyo sikuogopa kitu.

Halafu siku moja mchana, Bunda, nilikuwa nje ya gari napima watoto. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaniambia kwa upole, kama anayeniomba chumvi, "Nesi, mbona ndani kunaungua?" Nikageuka. Moshi mweupe ulikuwa unatoka chini ya godoro langu, mahali pale pale ninapoweka kichwa. Niliingia, nikafunua ubao, nikaona waya mwekundu umevimba na plastiki yake inatiririka. Nilisimama nikiangalia tu. Mimi niliyezalisha akina mama gizani kwa tochi ya simu, nilisimama mikono imelegea. Magesa ndiye aliyeruka ndani na koleo akaung'oa waya, akaunguza vidole vitatu.

Baadaye, kutoka kwa Fundi, tukajua chanzo. Wiki mbili kabla, fyuzi moja ilikuwa inakatika kila mara, na fundi mmoja wa njiani alituondolea adha: akaitoa fyuzi, akaweka msumari. Tulimshukuru sana. Magesa alimpa soda.

Tangu siku hiyo usingizi ulinihama. Nilikuwa natoa godoro na kulilaza chini, mlangoni, miguu ikiwa nje. Nikihisi harufu yoyote, hata ya mama anayekaanga vitumbua mita mia kutoka hapo, naamka na kushika ubao kuona kama una joto. Kazi nilikuwa naipenda na ndugu zangu walikuwa wananitegemea, lakini nilijiuliza kila mwezi tulipopakia dawa: nitarudi, au nitaungua humu kama sambusa? Hilo ndilo swali lililonipeleka kwa Fundi, na sikuwa na lingine.

Gereji yake ilikuwa kibanda cha mabati karibu na mwalo wa wavuvi wa Mwigobero, ambako harufu ya dagaa waliokauka iliingia mpaka kwenye nguo. Alikuja kwenye gari letu akiwa amekunja mikono nyuma. Hakugusa chochote. Alichungulia.

"Nani analala humu?"

"Mimi, Fundi."

"Juu ya hizi?"

"Ndiyo."

Aliniangalia vile mimi huwaangalia akina mama wanaoleta mtoto siku ya nne ya homa. "Na usingizi unakujaga?"

"Zamani ulikuwa unakuja."

"Basi sasa umepata akili. Vua hereni. Vua saa. Vua na hiyo pete."

Pete yangu haikuwa imetoka kidoleni tangu harusi. Ilibidi nitumie sabuni, na robo saa nzima ikapita nikivuta huku Magesa akicheka. Fundi alisubiri, hakucheka. Magesa naye akaambiwa avue mkanda wa suruali kwa sababu una kifungo cha chuma, na akafanya kazi siku ile ameshika suruali kwa mkono mmoja. Ndipo Fundi alipotoa spana zake. Zote zilikuwa zimevishwa mpira wa tyubu ya baiskeli kuanzia mkiani hadi karibu na mdomo.

Msumari alikuwa ameshauona. Aliutoa kwa koleo akauweka kwenye kiganja changu.

"Fyuzi kazi yake ni kufa," alisema. "Mambo yakiharibika, inakufa yenyewe, wewe unapona. Sasa huyu hafi. Mliweka huyu, mkaamua afe nani?"

Magesa aliacha kucheka.

Kazi ambayo kijana wa jirani angeimaliza kabla ya chakula cha mchana, Fundi aliifanya siku tatu. Na muda wote alisema, maana hofu ilimfanya mtu wa maneno. Akinyamaza, mikono ilitetemeka zaidi. Nilikaa naye kwenye kigoda nikisikiliza kwa sababu sikutaka tena kulala juu ya kitu nisichokijua.

"Nesi, una mke mwenza?"

"Sina, Fundi, na sitaki."

"Utawaelewa tu. Betri ya injini, ile ya mbele, ndiyo mke mkubwa. Hizi za nyumba ni mke mdogo. Kila mtu na jiko lake. Injini ndiyo mume. Mume akiwepo, ananguruma, analeta unga, mlango wa katikati uko wazi na wote wanakula. Mume akiondoka, mlango ufungwe. Unajua kwa nini?"

"Wasigombane."

"Hapana. Mke mdogo ana wageni wengi. Friji, feni, taa, simu za watu. Mlango ukibaki wazi, atapika na unga wa mwenzake, na asubuhi mke mkubwa hana nguvu ya kumwamsha mume. Hapo ndipo mnasukumaga gari."

Magesa, ambaye kwao kweli walikuwa na mama wawili, alisema nyumbani kwao aliyemaliza unga alikuwa mkubwa. Fundi alimwambia basi baba yake alifungiwa vibaya. Mlango wenyewe alinionyesha: kisanduku cheusi kinachofunguka injini ikiwaka na kujifunga ikizimika. Kumbe kilikuwemo siku zote, ila waliotutangulia walikuwa wamekiruka kwa waya. Nilipomuuliza yeye mwenyewe ana wake wangapi, alisema mmoja, na huyo mmoja anamtosha kuogopa.

Mambo mengine aliyonifundisha ni machache, na nayaandika kama alivyoyasema. Ukitaka kufungua, toa hasi kwanza. Ukifunga, hasi irudi mwisho, kwa sababu hasi imefungwa kwenye mwili wa gari, na ukianza na chanya, spana ikiteleza ikagusa bati umeshapiga shoti. Betri nne zikifungwa pamoja, usichukue umeme wote kwenye ya kwanza, utakuwa unamtuma mtoto mmoja kisimani kila siku na wengine watatu wamekaa. Chanya itoke ya kwanza, hasi itoke ya mwisho, wote wafanye kazi. Na fyuzi ikae shubiri moja kutoka kwenye kichwa cha betri, isizidi. Waya ulio kabla ya fyuzi hauna wa kuulinda. Alipima kwa mkono wake mwenyewe, kidole gumba mpaka cha mwisho, na alipoona pamezidi kwa upana wa kucha alikata akaanza upya.

Siku ya tatu, kabla ya kutukabidhi ufunguo, alitaka mwenye gari apige magoti, aweke kiganja juu ya kila waya tangu unapoanza mpaka unapoishia, na aseme kwa sauti unakwenda wapi. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake kwa kila mteja, na ndio uliomfukuzia wateja. Mtu ameleta gari lake, amekaa kivulini anasoma simu, halafu anaambiwa apige magoti kwenye mafuta.

Nilikuwepo siku mkubwa mmoja wa ofisi alipokataa. Alikuwa na suti ya kijivu, na gari lake lilikuwa limefungwa betri ya pili kwa ajili ya friji ya safari. Alisema yeye hakusoma ili aje kupapasa waya. Fundi akatia ufunguo mfukoni. Yule bwana alifoka, akatishia kuita polisi, akamsogelea mpaka matumbo yao yakakaribia kugusana. Nilimwangalia Fundi nikitegemea aruke. Hakuruka. Alisema tu kwa sauti ile ile ya chini, "Mheshimiwa, watoto wako wanapandaga gari hili?" Mwishowe suti ilipiga magoti, na mwenye suti akasema, huu unakwenda kwenye friji, huu unakwenda kwenye taa, na alipoinuka alikuwa mpole kuliko alivyokuja.

Mtu huyo aliogopa betri lakini hakuogopa watu. Wala wanyama. Jioni alikuwa anaoga ziwani, penye mawe, mahali ambapo kila mtu anajua viboko wanapita. Mke wake alimsema, majirani walimsema, mimi pia nilimsema kwa sababu niliwahi kumshona mtu aliyepitiwa na kiboko na sitaki kushona mwingine. Alinijibu huku anajisugua mgongo kwa kamba ya katani, "Kiboko namwona. Akija nitatoka. Sasa umeme, nesi, unaonaga umekuja?"

Kwenye kidole cha pete cha mkono wa kushoto alikuwa na kovu lililozunguka kidole chote, jeupe, laini, ngozi imekauka kama karatasi. Mimi alinieleza kwamba pete yake iligusa spana na spana ikagusa kichwa cha betri, pete ikawa nyekundu kidoleni kabla hajajua kupiga kelele. Magesa yeye aliambiwa na Fundi kwamba si pete, ni waya uliomzunguka. Binti yake aliniambia baadaye kwamba nyumbani walijua hadithi ya tatu, ya basi dogo alilolifunga yeye mwenyewe ujanani, lililowaka moto likiwa na mtu ndani, na kwamba kidole aliunguza akijaribu kufungua mlango. Sikuwahi kumuuliza ipi ndiyo. Ninachojua ni kwamba kovu lilikuwa la kweli, na kwamba mtu mwenye hadithi tatu za kovu moja huenda kuna moja hawezi kuisimulia.

Mwaka wa kwanza baada ya kazi ile, tulikuwa Nyegina, karibu na misheni, akina mama wamejaa. Nikaona pikipiki inakuja kwa kasi na juu yake Fundi, kofia imegeuka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuwa ameitwa. Aliniomba samahani, akaniomba niwatoe watu garini, akavua saa, akapanda na spana moja.

"Nini tena, Fundi?"

"Nati moja ya betri ya tatu. Asubuhi nikiwa nanawa, nikajiuliza kama niliikaza. Sikukumbuka."

Aliishika. Ilikuwa imekaza vizuri. Akashuka, akanywa chai yangu ya flaski amesimama, aibu kidogo usoni.

"Ilikuwa imekaza," nilisema.

"Ndiyo. Lakini tangu asubuhi nilikuwa nakuona unaungua."

Akapanda pikipiki akarudi Musoma. Siku ile nilirudisha godoro kitandani. Nilijua kuna mtu mmoja ananiogopea, na ikanitosha.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, kwenye raha ile. Mwaka wa kwanza nilikuwa nafunua ubao kila Jumatatu, naweka kiganja kwenye kila waya kama alivyonifundisha. Mwaka wa pili, mara moja kwa mwezi. Mwaka wa tatu nilikuwa nafunua nikikumbuka, na nilikumbuka nikitafuta kandambili zangu. Hakuna kilichowahi kupata joto. Fundi alikuwa ameifanya kazi vizuri mno mpaka mimi nikasahau kwamba ni kazi.

Vijijini watu walianza kuja na simu. Tulikuwa na kibao chenye soketi za kuchajia, na mama anayesubiri zamu yake anachomeka simu yake, ya shemeji yake na ya mwenyekiti. Ilikuwa vizuri, waliochomeka simu hawakuondoka kabla mtoto hajapata chanjo. Lakini simu zikizidi, na kijana akija na spika yake ya muziki, fyuzi ya kibao inakatika. Buswahili, siku moja, zilikatika tatu mfululizo, nami sikuwa na ya nne. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, watu wanaanza kunung'unika na kuchomoa. Nikavua pete. Hata hilo nililikumbuka. Nikafunua ubao, nikachukua waya mwembamba kutoka kwenye kisanduku cha Magesa, nikaunga dairekti kutoka kwenye kichwa cha betri mpaka kwenye kibao, nikazungushia tepu. Fyuzi nikairuka.

Nilijiambia nitaweka nyingine tukifika Musoma. Simu ziliwaka zote, watu wakapiga makofi, nami niliona fahari. Tulipofika Musoma nilikuwa na ripoti ya kuandika. Miezi minne ikapita, na miezi yote hiyo nililala juu ya waya ule.

Wakati huo Fundi alikuwa ameshafunga gereji. Miguu ilikuwa inamvimba, pumzi fupi, moyo umechoka, na mke wake alishatangulia mbele ya haki. Binti yake alimchukua kwao, Butiama. Nilijua, na nilikuwa nikipita Butiama kila mwezi, na kila mwezi nilisema mwezi ujao nitakwenda kumwona. Mwisho nilikwenda kwa kuitwa. Asubuhi moja tulikuwa tumeegesha hapo Butiama, binti yake akaja anakimbia: baba amebadilika, hawezi kulala, hawezi kumaliza sentensi. Nikaenda na begi langu. Alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mito mitatu, midomo imepauka. Nilimwamkia, akanitikia kwa kuinua mkono. Nilipousikiliza mgongo wake nilisikia maji mapafuni. Nikamwambia binti yake tunampeleka Musoma hospitali, sasa hivi, kwa gari letu.

Tulimweka kwenye kitanda changu, ameegemea ukuta, mimi nimemshika bega, binti yake miguuni. Magesa akaondoa gari. Barabara ile ina sehemu zenye mashimo, na kila shimo Fundi alifumba macho. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Niliogopa kifo chake, hiyo ni hofu ninayoijua, hofu ya kazini.

Kama dakika ishirini hivi njiani alifungua macho na kuinua pua.

"Nesi. Kuna harufu."

Nilinusa. Sikusikia kitu zaidi ya dawa ya kusafishia sakafu. "Ni dizeli, Fundi. Pumzika."

"Si dizeli." Akavuta pumzi, akakosa, akavuta tena. "Plastiki. Nitoeni."

Binti yake alimbembeleza kwamba karibu tunafika. Alimsukuma. Mtu ambaye nusu saa kabla hakuweza kuinua kikombe alishika fremu ya kitanda na kupiga kelele, kelele ya mtoto, "Nitoeni! Nitoeni humu!" Nilidhani ni ubongo unaokosa hewa; wagonjwa hufanya hivyo. Nilitaka kumwambia Magesa aongeze mwendo. Gari likapiga shimo, na chini yangu nikasikia mlio mdogo, tsss, kama mate kwenye chuma cha moto.

Sijawahi kuogopa vile. Niligonga ukuta wa mbele kwa ngumi zote mbili mpaka Magesa akasimama. Tulimbeba Fundi, yeye wa kwanza kutoka, akikimbiza miguu hewani, tukamweka chini pembeni ya barabara, juani, hapakuwa na kivuli. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka bila mpangilio. Na moshi mwembamba ulikuwa umeanza kutoka mlangoni.

Magesa alitaka kuingia. "Mwache," Fundi alisema. "Yeye. Yeye anajua." Alikuwa ananionyesha mimi kwa kidole chenye kovu.

Niliingia. Nilivua pete na kuitupa sijui wapi. Nilifunua ubao na waya wangu ulikuwa pale, ule mwembamba, umepita juu ya chuma cha fremu ya kitanda. Mtikisiko wa miezi minne ulikuwa umeukwangua ganda, na kila shimo uligusa chuma ukarusha cheche. Tepu yangu ilikuwa imeyeyuka. Pembeni yake godoro lilikuwa limeanza kuwa jeusi, kwa upana wa sahani. Nje nilimsikia akilazimisha maneno, moja kwa kila pumzi. "Hasi. Kwanza. Hasi." Spana ilikuwa na mpira wake. Nikafungua nati ya hasi, nikauinua waya nikauweka mbali, kisha nikaung'oa ule wangu kwa koleo na kumwagia godoro maji ya kunywa.

Nilitoka na waya mkononi. Fundi aliutazama. Aliuchukua, akaupitisha kwenye vidole vyake tangu mwanzo mpaka mwisho, akitafuta fyuzi ambayo haikuwepo.

"Nani alifunga?"

Ningeweza kusema fundi wa njiani. Magesa alikuwa anatazama barabara. Alijua, na asingesema. "Mimi," nilisema.

Hakunigombeza. Alianza kulia. Alilia kama anavyolia mtu mwenye moyo mbovu, kwa vipande, huku binti yake akimfuta na kunitazama mimi kwa macho ambayo siwezi kuyalaumu. Aliniuliza jambo moja tu, ni lini mara ya mwisho nililala mle. Nikamwambia usiku wa jana. Akafunika uso wake kwa kofia.

Betri za nyumba zikiwa zimefunguliwa waya, injini bado ilikuwa na yake. Tulimweka mbele, pamoja na Magesa, mimi na binti yake tukambana katikati ili asianguke, tukafika Musoma. Wodini walimpa hewa na dawa ya kutoa maji, na kufikia jioni alikuwa anaweza kusema sentensi nzima. Daktari aliniambia kukaa juani hakukumwongezea ugonjwa. Nilimuuliza mara mbili.

Kesho yake nilikwenda kumwona. Nilikuwa nimekesha nikifikiria kuacha kazi, na nilikuwa nimeshaandika barua, iko kwenye mkoba. Nilimwamkia.

"Marahaba. Leo si siku ya Bunda?"

"Ndiyo siku ya Bunda. Siendi, Fundi. Naacha. Siwezi tena kupanda lile gari. Nimeliangalia asubuhi miguu ikakataa."

"Gari likoje?"

"Magesa ameninunulia fyuzi. Nimefunga upya kila kitu alfajiri. Nimeshika waya mmoja mmoja, nikarudia, nikarudia mara tatu. Bado naogopa."

"Unaogopa sana?"

"Mpaka nataka kutapika."

Alijisogeza juu ya mto, bomba la hewa puani. Kwa mara ya kwanza tangu Butiama uso wake ulitulia.

"Basi nenda kazini," alisema. "Akina mama wanasubiri."